Maswali na Majibu: Karatasi Hii Inadaiwa na Nani?

Katika toleo lililopita tuliwaomba wasomaji wa Jiji la Tanga na wilaya za jirani watueleze jinsi karatasi zinavyotumika katika ofisi na madarasa yao, na watuulize lolote linalowatatiza katika juhudi za kuzipunguza. Barua zilizotufikia zinazidi nafasi tuliyo nayo, kwa hiyo tumechagua zile zinazogusa mambo ambayo wengi wameyauliza, tukazifupisha, na badala ya majina tumeweka kazi ya mwandishi na mahali anapoishi au kufanyia kazi.

SWALI: Mimi ni karani wa masijala katika ofisi moja hapa Chumbageni. Mwaka jana tulitangaziwa kwamba tunahamia kwenye mfumo wa kielektroniki na kwamba matumizi ya karatasi yatashuka, lakini mambo yamekwenda kinyume. Barua inaingia kwa barua pepe, naichapa, naitia kwenye jalada, naipeleka kwa mkuu, naye anaandika maelekezo yake pembeni kwa kalamu. Ikirudi naiskani na kumtumia afisa anayehusika, ambaye anaichapa tena ili aifanyie kazi. Rimu zilizokuwa zikitutosha mwezi mzima sasa zinakwisha kabla ya wiki ya tatu. Tumekosea wapi?
(Karani wa masijala, Chumbageni)

JIBU: Ndugu Karani, umeyaeleza vizuri kiasi kwamba jibu limo ndani ya swali lako. Ofisi yenu imefungua njia ya pili ya kupitishia barua bila kuifunga ile ya kwanza, na sasa kila barua inalazimika kupita zote mbili. Ukurasa mmoja uliofika bila kugusa karatasi yoyote unazaa karatasi moja mikononi mwako na nyingine mikononi mwa afisa, na barua yenye viambatisho vya kurasa 10 inazaa zaidi ya 20, kabla hata jibu halijaandikwa.

Jambo la kwanza ni uongozi kuamua, kwa maandishi, ni ipi kati ya hizo mbili itakayohesabiwa kuwa kumbukumbu rasmi ya ofisi. Maadamu uamuzi huo haupo, kila mtumishi mwenye busara atajilinda kwa kutunza zote mbili, na huwezi kumlaumu, kwa sababu siku ya ukaguzi ndiye atakayeulizwa. Wengi hudhani kwamba sheria inadai karatasi. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inazitambua kumbukumbu za kielektroniki na saini za kielektroniki, na Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 imekwenda mbali zaidi katika kuzielekeza taasisi za umma kwenye mifumo hiyo. Hati za ardhi, wosia na mikataba mizito ziacheni kwenye karatasi zenye saini ya wino, lakini ombi la likizo, taarifa ya wiki na mwaliko wa kikao havina sababu yoyote ya kisheria ya kuchapwa.

Jambo la pili ni gumu zaidi kwa sababu linamhusu mkuu. Pale ambapo maelekezo yanaandikwa kwa kalamu pembeni mwa barua, karatasi itaendelea kuwapo hata mkinunua mfumo wa bei gani, kwa kuwa jalada linaifuata kalamu ya mwenye mamlaka. Mkuu akianza kuandika dokezo lake ndani ya mfumo, walio chini yake watahamia huko bila kuhimizwa. Akikataa, matangazo yote yaliyobandikwa juu ya mashine ya fotokopi yakisema “Fikiri kabla ya kuchapa” yatabaki kuwa pambo, tena pambo la karatasi.

Uangalie pia mwisho wa barua zenu, pale panapoandikwa “Nakala kwa”. Kila cheo kinachotajwa pale ni karatasi moja, bahasha moja, safari moja ya mhudumu na nafasi moja katika jalada la mtu mwingine. Ofisi nyingi zimerithi orodha hizo kutoka kwenye barua za zamani na huzinakili bila kuuliza kama mwenye cheo hicho bado anazihitaji. Chukueni barua mlizotoa mwezi uliopita, mpigieni simu kila anayepelekewa nakala, mwulizeni aliifanyia nini. Wapo watakaosema kwamba walihitaji kuiona, na hao watumiwe kwa barua pepe. Wapo ambao hawataikumbuka, na hao waondolewe. Ninaamini zoezi hili moja, lisilogharimu hata shilingi, litawapunguzia karatasi kuliko mashine mpya.

Yapo mambo ya utaratibu ambayo, yakipuuzwa, watu watarudi kwenye karatasi kwa hasira. Majina ya mafaili ya kompyuta yaanze na mwaka, mwezi na siku, kisha mada, ili yajipange yenyewe. Faili lililoitwa “barua mpya ya mwisho kabisa 2” ni sawa na barua iliyopotea. Kumbukumbu ziwe na nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili tofauti, na moja kati ya hizo iwe nje ya jengo, kwa kuwa moto, mwizi na mvua ya masika haviulizi kilichohifadhiwa kiko kwenye karatasi au kwenye kompyuta. Na kama ofisi yenu ni ya umma, msidhani kwamba mkishaskani jalada la zamani mna ruhusa ya kulichoma: Sheria ya Usimamizi wa Kumbukumbu na Nyaraka ya mwaka 2002 inakataza kuteketeza kumbukumbu za umma bila idhini ya mamlaka ya nyaraka ya taifa.

SWALI: Sisi tuna kikao cha kila robo mwaka chenye wajumbe 30, na kabrasha lake huwa na kurasa zipatazo 120. Wajumbe wengine ni watu wazima ambao hawapendi kusoma kwenye simu. Tufanye nini?
(Katibu muhtasi, Usagara)

JIBU: Hesabu kwanza. Kurasa 120 kwa wajumbe 30 ni kurasa 3,600, na zikichapwa upande mmoja ni rimu 7 na karatasi 100 kwa kikao kimoja, bila kuhesabu zile zinazoharibika. Kuchapa pande mbili kunaziondoa nusu palepale. Bunge letu huko Dodoma limekwisha kuhamia kwenye vishikwambi, lakini siwashauri muanze kwa kununua vifaa. Anzeni kwa kulipunguza kabrasha lenyewe: muhtasari wa kikao kilichopita, ajenda na jedwali la fedha vichapwe kwa kila mjumbe, navyo kwa kawaida havizidi kurasa 15, viambatisho virefu vitumwe mapema kwa barua pepe au kwa WhatsApp, na nakala mbili au tatu zilizochapwa ziwekwe mezani kwa anayetaka kuzifungua. Mjumbe mzee asilazimishwe kusoma kwenye kioo kidogo cha simu. Akiomba kabrasha lake kamili apewe, kwa maandishi makubwa. Watatu wakipewa, bado mmepunguza kwa 27.

SWALI: Tumeagizwa tuchape pande zote mbili, lakini mashine yetu kila mara inakwama karatasi ikirudi kuchapwa upande wa pili, hasa miezi hii ya mvua. Tunaharibu karatasi nyingi kuliko tunazookoa. Fundi amekuja na kusema mashine ni nzima.
(Mwenye steshenari, Ngamiani)

JIBU: Fundi wako huenda amesema kweli. Karatasi hunywa unyevu wa hewani, na hewa ya pwani yetu ina unyevu mwingi kuliko ule ambao karatasi za mashine huvumilia vizuri, yaani kati ya asilimia 40 na 60. Karatasi iliyokunywa unyevu hutanuka na kujikunja. Ikipita mara ya kwanza hupigwa na joto la mashine, unyevu hutoka upande mmoja haraka kuliko mwingine, na inaporudi kwa safari ya pili huwa imepinda kama kigae, ndipo inapokwama.

Ganda la rimu limetengenezwa kuzuia unyevu, kwa hiyo usilifungue mpaka wakati wa kuitumia, na usijaze trei ya mashine jioni ukaiacha hadi asubuhi. Zilizobaki zirudishe gandani, ulikunje vizuri, uziweke ndani ya ndoo ya plastiki yenye mfuniko. Usipange rimu sakafuni wala kuziegemeza ukutani. Weka ubao chini yake. Kabla ya kuziingiza kwenye trei zipepee kwa vidole ili zisishikane. Jambo jingine ambalo wengi hawaliangalii ni alama ya mshale iliyochapwa ubavuni mwa ganda la rimu nyingi: inaonyesha upande unaofaa kuchapwa kwanza, na ukiugeuza unaongeza uwezekano wa karatasi kujikunja. Ikiwa mashine bado inagoma, chapa kurasa mbili kwenye uso mmoja wa karatasi, mradi maandishi yabaki makubwa kiasi cha kusomeka.

SWALI: Ninafundisha sekondari ya kutwa kule Pongwe. Kidato cha Pili kina mikondo minne, kila mmoja una wanafunzi 64. Taaluma wanataka jaribio la kila wiki kwa kila somo, na masomo ni tisa. Wazazi walishaleta rimu moja kila mmoja wakati mtoto anajiunga Kidato cha Kwanza, na sasa wanaombwa tena mchango wa mitihani. Ninaona aibu kuwaomba, lakini pia sitaki wanafunzi wangu wapungukiwe na mazoezi. Vishikwambi tulipewa walimu, wanafunzi hawana.
(Mwalimu wa Hisabati, Pongwe)

JIBU: Mwalimu, barua yako tumeirudia mara nyingi, kwa sababu walimu wengine wengi wameandika jambo hilohilo kwa namna tofauti. Wanafunzi 256, masomo tisa, karatasi moja kwa kila jaribio: ni karatasi 2,304 kwa wiki, yaani rimu 4 na karatasi 304. Karatasi ya kawaida ya A4 ya gramu 80 kwa mita ya mraba ina uzito wa gramu 5, kwa kuwa karatasi 16 za ukubwa huo hufanya mita moja ya mraba. Kwa hiyo kidato kimoja kinakula zaidi ya kilo 11 za karatasi kila wiki kwa ajili ya majaribio peke yake. Hapo hatujagusa mtihani wa muhula, moko, wala ule wa ujirani mwema.

Swali la kuwauliza wenzako wa taaluma ni hili: jaribio la kila wiki lipo ili nani ajue nini? Ikiwa lengo ni mwalimu kujua nani ameelewa na nani ameachwa nyuma, karatasi iliyochapwa si lazima, na kwa Hisabati naweza kusema inachelewesha, kwa sababu majibu ya wanafunzi 256 yanasahihishwa baada ya siku kadhaa, wakati kosa limekwisha kuota mizizi. Ikiwa lengo ni kujaza alama kwenye fomu, basi tatizo liko kwenye fomu.

Watoto wa pwani hii walijifunza kusoma na kuandika vyuoni, yaani madrasa, kwa vibao vya mbao vilivyoandikwa kwa wino na kuoshwa, na wazo hilo bado lina kazi darasani. Nunueni plaiwudi nyembamba ya futi 4 kwa futi 8. Fundi seremala akiikata katika miraba ya futi moja kwa futi moja mtapata vibao 32, ambavyo vinatosha mkondo wako wa wanafunzi 64 wakikaa wawiliwawili. Vipigwe msasa kingo zote, kisha vipakwe rangi ya ubao mara mbili, na upakaji wa pili ufanywe baada ya ule wa kwanza kukauka kabisa. Kila kibao kiwe na kipande cha chaki na kitambaa kikuukuu. Unaandika swali ubaoni, unawapa dakika mbili, unasema “Inueni!”, na kwa mtazamo mmoja unaona vibao vyote 32. Utamwona aliyesahau kubadili alama ya kutoa, utamwona aliyenakili kwa jirani, na utarekebisha papo hapo. Vibao hivyo vinahama kutoka mkondo mmoja hadi mwingine pamoja nawe, na gharama yake inalipwa mara moja.

Kwa mazoezi marefu zaidi, chapa seti moja ya maswali ya kutumika tena. Karatasi 32, moja kwa kila wanafunzi wawili, pande zote mbili, juu kabisa pakiwa na maneno “Usiandike kwenye karatasi hii”, na majibu yaandikwe daftarini. Seti hiyo inazunguka mikondo yote minne na kutunzwa kwenye bahasha ya khaki hadi mwaka ujao. Nakuonya tu usiitumie kwa jaribio linalotolewa alama, kwani maswali ya mkondo wa A asubuhi yatakuwa yamefika mkondo wa D kabla ya saa ya chai.

Kishikwambi chako usikidharau kwa kuwa wanafunzi hawana. Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania inatoa vitabu vya kiada bila malipo, kwa hiyo hakuna haja ya kutoa kopi ya sura nzima ili ujiandalie somo. Baraza la Mitihani nalo huweka kwenye tovuti yake fomati za mitihani pamoja na uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, nyaraka ndefu ambazo shule nyingi huzichapa zote kwa kila mwalimu wakati kila mmoja anahitaji kurasa za somo lake tu. Azimio la kazi na andalio la somo vikiandikwa kwenye kishikwambi vinaweza kurekebishwa mwaka unaofuata badala ya kuanzwa upya. Hapa, hata hivyo, mkuu wa shule na mthibiti ubora wakubaliane kwanza kwamba watavikagua humohumo. Wasipokubaliana, utajikuta unaandika mara mbili kama ndugu yetu wa masijala.

Pale ambapo singependa mpunguze ni kwenye daftari la mtoto mdogo. Mwanafunzi wa darasa la kwanza au la pili anajifunza herufi kwa mkono wake, na mkono huo unahitaji karatasi, penseli na makosa mengi. Nimesikia shule zikijisifu kwamba watoto wadogo wanaandika kurasa chache ili kutunza mazingira. Watu wazima waanze na makabrasha yao.

SWALI: Je, ni kweli kwamba tukipunguza karatasi maofisini tutaiokoa misitu yetu ya Amani na Usambara? Na kwa nini Tanga, yenye mkonge mwingi namna hii, isitengeneze karatasi yake yenyewe?
(Mwanafunzi wa Kidato cha Sita, Muheza)

JIBU: Mwanafunzi mpendwa, sitakudanganya ili ujisikie vizuri. Karatasi za kuchapia hutengenezwa zaidi kwa miti ya kupandwa, kama misindano na mikaratusi. Mashamba makubwa ya miti hiyo hapa nchini yako Sao Hill, Mufindi, na kiwanda cha Mgololo kule kule kinajulikana kwa karatasi ngumu za kufungashia. Msitu wa Amani, uliotangazwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 1997, unatishiwa na mambo mengine: kilimo, ukataji wa mbao, kuni na uchimbaji wa dhahabu. Kwa hiyo ukimwambia mhasibu wa Tanga mjini kwamba rimu yake imeuangusha mti wa Usambara, akichunguza atakuona mwongo, na hatakusikiliza tena. Mwambie habari ya fedha, ya wino ambao mara nyingi hugharimu kuliko karatasi yenyewe, ya maji na nishati nyingi zinazotumika viwandani, na ya makabati yanayomaliza nafasi ofisini. Jihadhari pia na wanaotaja idadi kamili ya karatasi zinazopatikana kwa mti mmoja. Miti hailingani, na viwanda havilingani.

Kuhusu mkonge, ambao uliletwa hapa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, nyuzi zake ni ndefu na zenye nguvu, na zinafaa kwa karatasi maalumu kama za vichujio. Kuzitumia kwa karatasi ya fotokopi ni kama kufungia maandazi kwa kitenge.

SWALI: Nakaanga karanga na kuuza kwa vifungu. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku nanunua karatasi zilizokwisha kutumika kutoka kwa vijana wanaozitoa maofisini. Juzi mteja alinikasirikia, akasema karatasi niliyomfungia ina majina ya wagonjwa na magonjwa yao. Mimi kusoma sijui sana. Je, nina kosa?
(Mama muuza karanga, Makorora)

JIBU: Mama, kosa kubwa si lako. Aliyekosa ni yule aliyeacha karatasi hizo zitoke mlangoni mwake zikiwa nzima. Marufuku ya mifuko ya plastiki, iliyoanza tarehe 1 Juni 2019, iliongeza thamani ya karatasi chakavu, na ofisi nyingi zilifurahi kwamba taka zao sasa zina mnunuzi. Wakati huohuo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka kila anayekusanya taarifa za watu azilinde, na habari za afya ni miongoni mwa zile zinazohitaji ulinzi mkubwa zaidi. Orodha ya wagonjwa, matokeo ya mtihani yenye majina, nakala za vitambulisho na hati za mishahara havipaswi kufika sokoni kwa namna yoyote.

Ofisi zinazosoma safu hii zitenge karatasi zao zilizotumika katika mafungu mawili. Zile zisizo na jina la mtu wala namba yake, zilizochapwa upande mmoja tu, zikatwe katikati na kushonwa ziwe madaftari ya kuandikia simu na hesabu za haraka. Ni kosa la kawaida kutumia upande wa pili kuchapia barua rasmi, kisha barua ikatoka na mshahara wa mtu mgongoni. Zile zenye taarifa za watu zichanwe kwa mashine, au kama haipo zilowekwe kwenye pipa la maji usiku kucha na kusagwa kwa mti hadi ziwe uji. Uji huo unaweza kukaushwa na kuuzwa kwa wanaonunua taka rejeshi kwa kilo, au kuchanganywa kwenye mboji.

Kwako Mama kuna jambo jingine. Wino wa kuchapia haukutengenezwa kuliwa, na chakula chenye mafuta na moto huuvuta kwa urahisi. Karanga zako zifungie kwenye karatasi safi ya khaki isiyochapwa. Najua ni ghali kidogo. Ukiungana na wenzako watatu au wanne mkanunua bunda kwa pamoja bei itashuka.

SWALI: Mwanangu mhariri, nilifanya kazi ya utawala katika mashamba ya mkonge kwa miaka mingi kabla sijastaafu. Jalada nililolifungua nikiwa kijana bado linasomeka. Nyinyi mnatuhimiza tuweke kila kitu kwenye mashine ambazo umeme ukikatika zinakuwa giza. Mna hakika mnajua mfanyalo?
(Mstaafu, Raskazone)

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Katika jambo hili uko sahihi kuliko wengi wanaotoa semina. Katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa jijini Dar es Salaam zimo kumbukumbu za utawala wa Kijerumani, ambazo UNESCO iliziingiza mwaka 1997 katika orodha yake ya Kumbukumbu ya Dunia, na karatasi hizo zenye zaidi ya miaka 100 zinasomwa na watafiti hadi leo. Mwulize kijana yeyote akufungulie disketi ya miaka ya 1990, atakuuliza disketi ni nini.

Lakini mzee wangu, katika kila jalada ulilolifungua, ni karatasi ngapi zilistahili kuishi miaka 40? Mkataba, ramani ya shamba, orodha ya watumishi, hesabu za mwaka: hizo ndizo zilizokufaa, na hizo tunasema ziendelee kuchapwa kwenye karatasi nzuri na kutunzwa mahali pakavu. Zilizobaki zilikuwa nakala za nakala, mialiko ya vikao vilivyokwisha, na barua za kukumbushia barua nyingine. Karatasi hizo ndizo zinazojaza makabati na kuzificha zile za maana, hata siku mkataba unapotafutwa karani anapekua rafu nzima. Tukiziondoa, jalada lako litaheshimika zaidi. Umeme ukikatika, hata hivyo, masijala iwe na daftari moja la wino la kuandikia barua zinazoingia, na orodha yake ihamishiwe kwenye mfumo umeme ukirudi.

SWALI: Naendesha duka la vifaa vya ujenzi. Risiti za mashine ya EFD nilizozitunza kwa ajili ya kodi zimefifia, nyingine zimekuwa nyeupe kabisa. Natoa fotokopi ya kila moja, na sasa kabati limejaa. Kuna njia nyingine?
(Mfanyabiashara, Mabokweni)

JIBU: Karatasi ya risiti hiyo haichapwi kwa wino. Imepakwa kemikali inayogeuka nyeusi ikipata joto, na joto hilohilo la duka la bati, pamoja na mwanga wa jua, ndilo linaloyaharibu maandishi baadaye. Kwa kuwa sheria ya usimamizi wa kodi inakutaka utunze kumbukumbu zako kwa miaka 5, risiti yenyewe haitavumilia muda huo ikikaa dirishani au kwenye mfuko wa shati.

Acha fotokopi. Piga picha ya risiti siku ileile unapoipokea, kwa simu yenye kamera safi, huku risiti ikiwa imenyooka juu ya meza na namba zote za chini zikionekana. Picha za kila mwezi ziwekwe kwenye folda moja yenye jina la mwaka na mwezi, na mwisho wa mwezi zinakiliwe kwenye diski ya nje au kwenye barua pepe yako. Risiti zenyewe zifunge kwa mwezi, uzitie kwenye bahasha ya karatasi, uziweke kwenye droo yenye giza mbali na bati. Usizitie kwenye mifuko laini ya plastiki wala usizibandike kwa selotepu juu ya maandishi, kwa sababu gundi yake hufuta tarakimu haraka kuliko jua. Na usizipeleke kwenye fungu la karatasi za kufungia karanga wala la kurejelezwa pamoja na karatasi nyingine. Kemikali iliyo juu yake haifai kugusa chakula, na huchafua fungu zima.